Mama yuko kitandani, mtoto yuko mgongoni

*"Shikamoo nesi. Niko kijijini karibu na Masasi. Mama yangu ana miaka 68, alipata kiharusi mwezi wa pili mwaka huu, upande wa kulia umelala na maneno hayatoki vizuri. Namtunza mimi, kitinda mimba wake. Nina mtoto wa miaka miwili na nusu na binti wa darasa la sita. Mume wangu yupo, ila anasema mkwe hawezi kumshika. Kaka zangu wawili wako Dar, wanatuma hela wakijaliwa. Mjomba yuko Nachingwea. Mama ametoka kidonda juu ya makalio. Nabadilisha shuka mara tatu kwa siku na hakiponi. Nimempunguzia maji asikojoe sana usiku. Akinywa chai anapaliwa. Wapo walioniambia nimwekee kata ya kanga chini ya makalio. Mgongo wangu unauma. Sasa ni Septemba, korosho zinaanza kudondoka, nafikiria binti akae nyumbani hadi Desemba amwangalie bibi yake. Juzi mama alimwaga uji, nikamvuta mkono kwa hasira mpaka akalia. Tangu siku hiyo sina amani. Je, mimi ni mtoto mbaya? Na hiki kidonda nikifanyeje?"*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kazi. Nitajibu yote, lakini nianze na mkono, maana hukusema ni upi, na hilo lina haraka kuliko hata kidonda.

Kama ulivuta ule wa kulia, mwangalie bega leo. Mfupa wa mkono umeegemea tu kwenye kibakuli kifupi pale begani. Kinachoushikilia ni misuli. Kiharusi kikilegeza misuli, mkono unabaki unaning'inia kwa uzito wake, na mvuto mdogo unatosha kuuteremsha. Mkalishe, mshushe kanga, linganisha mabega mawili. Ukikuta kulia pana kishimo kinachoingia kidole chini ya ncha ya bega, au pamevimba, au anakunja uso unapousogeza polepole, apelekwe akaonwe. Kishimo wakati mwingine huwa kimekuwepo tangu mkono ulipolegea, lakini mwenye kuamua hilo ni aliyemshika na kumpima. Mwambie mhudumu wazi kwamba mkono ulivutwa, asipoteze muda kutafuta sababu nyingine. Na kuanzia sasa asiwepo wa kumwinua mama kwa mkono wala kwa kumshika kwapani. Akikaa, mkono ule uwe juu ya mto. Akilala, vilevile.

Sasa wewe. Kwa miezi saba umekuwa ukiamka usiku kwa ajili ya mama na kwa ajili ya mtoto, kila mmoja na saa yake. Kitu cha kwanza kuondoka kwa mtu asiyelala ni uvumilivu, kabla hata ya nguvu za mikono. Sisemi hivi ili jambo lionekane dogo: mama aliumia, na bila mabadiliko litarudi. Kwa hiyo jiwekee kanuni moja. Ukisikia sauti yako inapanda, mlaze mama ubavu ili asipaliwe, mbebe mtoto, toka nje mpaka pumzi ikae sawa, hata dakika kumi. Uji uliomwagika utakungoja. Ukiona mkono unanyanyuka tena, au unapata mawazo ya kumdhuru yeye, mtoto au nafsi yako, au wiki mbili zimepita huli vizuri na kila kitu kimekuwa kizito, nenda zahanati ukalieleze hilo lenyewe, kama ambavyo ungeeleza homa. Linatibika.

Mama naye umwombe radhi, kwa maneno, ukimtazama usoni. Atakuelewa. Mtu akipooza kulia, ubongo ulioumia ni wa kushoto, na kwa watu walio wengi maneno yanatengenezwa upande huohuo. Ndiyo maana hayatoki. Lakini kushindwa kusema si sawa na kutosikia, na wengi walio kama yeye wanaelewa sehemu kubwa ya yanayosemwa mbele yao. Hivyo ile kauli ya "mzee amerudi utoto" ikome chumbani kwake, hata ikisemwa kwa upendo. Muulize maswali ya kujibu kwa kichwa: unataka maji? Nikugeuze? Ngoja jibu mpaka lije. Linachelewa.

Kidonda hakitokani na shuka chafu, na ndiyo sababu shuka tatu kwa siku hazijakiponya. Fanya hivi sasa hivi: bonyeza ukucha wa kidole gumba. Unapauka, na ukiachia damu inarudi. Mfupa ulio chini ya mgongo, pale juu ya makalio, unaibonyeza ngozi ya mama namna hiyohiyo, ukiwa juu na godoro likiwa chini, na wala hauachii. Ngozi isiyofikiwa na damu kwa saa kadhaa inaanza kufa, tena mara nyingi huanzia ndani karibu na mfupa, ndiyo maana kidonda kinachoonekana kidogo juu huwa kipana chini. Mkojo unailainisha ngozi, na kumburuta kwenye shuka kunaichuna, lakini adui mkubwa ni uzito kukaa pamoja. Dawa ya kwanza, basi, ni kuuhamisha uzito.

Kata usiiweke. Kata ni nzuri kichwani chini ya ndoo kwa sababu inakusanya uzito wote kwenye duara lake. Chini ya makalio inafanya kazi ileile: inabana mishipa kuzunguka kidonda, na nyama iliyo katikati inakosa damu pande zote. Mpira wa ndani wa tairi nao una kasoro hiyohiyo.

Mama alale ubavu, ila asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mgeuze kidogo tu: blanketi lililokunjwa liingie nyuma ya mgongo kuanzia begani hadi kiunoni, aliegemee, awe kama mtu aliyejiegesha akisikiliza mazungumzo. Mto mmoja kati ya magoti. Mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee hewani kiasi cha kupitisha karatasi, maana visigino ndivyo vinavyofuata kuoza. Baada ya hapo upande wa pili. Ukimlaza kulia, vuta bega mbele taratibu kwa kushika kwenye bapa la mgongo, asilale juu yake. Chali asilale kabisa mpaka kidonda kifunge.

Mchana mgeuze kila baada ya saa mbili. Shika saa za shufwa: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Usiku nitakuambia ukweli. Vitabu vinasema kila baada ya saa mbili usiku kucha, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mdogo hawezi kuishi hivyo mwaka mzima. Akiwa juu ya godoro zuri la sponji, amewekwa katika mwegemeo niliokueleza, mgeuze saa nne usiku, saa nane, kisha alfajiri saa kumi na mbili. Asubuhi kagua nyonga na visigino. Kwa ngozi yetu usitafute wekundu tu. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, yenye joto, iliyokakamaa au iliyolegea kuliko jirani yake. Alama isiyoondoka ndani ya nusu saa inakuambia kukaa saa nne bila kugeuzwa ni kwingi kwake. Mgeuze kila baada ya saa tatu. Na usiisugue sehemu hiyo wala kuikanda.

Godoro nalo lipime. Mama akiwa amelala, pitisha mkono wako chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, usawa wa makalio. Ukiusikia mfupa, sponji imekufa, na mama yuko juu ya mbao. Ukipata nafasi ya kununua kitu kimoja tu, nunua godoro la inchi sita la sponji nzito na mpira wa kitanda wa kulifunika. Pampasi za wazee ni ghali na zinaisha. Godoro linabaki.

Kukiosha: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe. Nawa mikono kwa sabuni, mimina polepole, kausha pembeni bila kusugua, funika kwa gozi safi, kile kitambaa chepesi cha vidonda. Ngozi nzima iliyozunguka ipake mafuta mgando kidogo ili mkojo usiguse. Spiriti, majivu, unga wa vidonge vya antibayotiki vilivyofunguliwa, vyote hapana. Vinaumiza nyama changa inayojaribu kuota. Kwa namna hii kidonda cha juujuu huanza kupungua ndani ya wiki mbili. Chenye shimo, au chenye nyama nyeusi au ya njano, hakikuhusu wewe peke yako: kinahitaji mtu wa kukisafisha.

Maji mrudishie. Najua ulipunguza kwa kutafuta usingizi, lakini mkojo mchache ni mkojo mkali, unachoma ngozi zaidi, na unaleta maambukizi ya njia ya mkojo ambayo kwa mzee huweza kuanza na kuchanganyikiwa, bila homa. Choo nacho kinakuwa kigumu. Apate maji kiasi cha lita moja na nusu kwa siku, isipokuwa kama daktari aliwahi kumwekea kikomo kwa ajili ya moyo au figo. Ujanja ni kuyagawa: mengi yaingie kabla ya magharibi, kidogo tu usiku. Kisha umtangulie mkojo badala ya kuufuata. Mkalishe kwenye beseni au mpe chombo anapoamka, baada ya kila mlo, na kabla ya kulala. Mwanao yuko umri wa kujifunza poti, kwa hiyo saa hizo ziwe zake pia. Wawili kwa mpigo mmoja. Ila vyombo viwe mbalimbali, vitambaa mbalimbali, na sabuni ipite mikononi kati ya mama na mtoto kila mara, hata kama maji ni ya kuchota mbali. Mtoto akiharisha, umeongeza mgonjwa wa pili nyumbani.

Kidonda kinajengwa kwa chakula pia. Uji mweupe wa muhogo pekee hauoteshi nyama. Yai moja kwa siku likipatikana, choroko au mbaazi zilizopondwa kwa tui, dagaa waliosagwa, na korosho. Uko kwenye nchi ya korosho, usiziuze zote. Zilizobanguliwa na kukaangwa, zitwange ziwe unga, kiganja kimoja ndani ya uji wa mama na kidogo ndani ya uji wa mtoto. Mtoto asipewe korosho nzima. Kwa umri wake inaweza kumkaba.

Kuhusu chai inayompalia. Kiharusi kinachelewesha koo kufunga njia ya hewa. Kitu chepesi kama chai au maji kinakimbia kuliko koo, kinafika kabla mlango haujafungwa, kinaingia mapafuni. Kizito kinatembea polepole, koo linakiwahi. Kwa hiyo kila anachokunywa kwa sasa kiwe na uzito: chukua kijiko cha uji, kigeuze, ukidondoka kwa mabonge ni salama kuliko ukitiririka kama maji. Chai izitishwe kwa unga wa uji uliopikwa ukaiva. Na maji yale ya lita moja na nusu yahesabu humohumo: uji, supu ya choroko iliyopondwa, matunda yaliyosagwa kama papai na embe.

Mkalishe wima, mito nyuma na pembeni, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Kulisha mtu akiwa ametazama juu ni kumfungulia njia ya hewa. Kijiko cha chai, nusu, upande wa kushoto wa mdomo ulio mzima. Ngoja umwone kongomeo likipanda na kushuka kabla ya kijiko kingine. Mwisho pitisha kidole kilichofungwa kitambaa ndani ya shavu la kulia. Chakula hujificha humo, yeye hakisikii, na akilala kinashuka kumkaba. Akae wima nusu saa baada ya kula, kisha umshushe, maana kukaa nusu wima kwa muda mrefu kunamfanya ateleze na kukichuna kidonda. Akisinzia, usimlishe. Mswaki asubuhi na jioni, hata kwa kitambaa: mate machafu yakiingia mapafuni yanaleta nimonia haraka kuliko masafi. Mlo hivi unachukua dakika ishirini hadi thelathini, na hauwezekani mtoto akiwa mgongoni anavuta nywele. Mtoto ale kwanza, ashibe, apewe sufuria na mwiko acheze mlangoni unapomwona.

Kama mama aliandikiwa dawa za presha, hizo ndizo zinazosaidia kuzuia kiharusi cha pili, na wengi huziacha kwa kuwa wameambiwa presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Apimwe walau mara moja kwa mwezi zahanati. Isivuke 140 kwa 90, na madaktari wengi kwa mtu aliyekwisha pata kiharusi hupenda iwe karibu na 130 kwa 80. Ukiandika namba kwenye daftari kila mara, daktari ataona mwendo wake. Lakini kuna la mtoto hapa ambalo hukuuliza. Vidonge hivyo vinatoka vikiwa kwenye kibahasha, kibahasha kinawekwa chini ya mto au kwenye ukingo wa kitanda, na mtoto wa miaka miwili na nusu kila kidogo cheupe kwake ni pipi. Kidonge kimoja au viwili vya baadhi ya dawa za presha vinaweza kumuua mtoto wa umri huo. Leo hii vitie kwenye kopo lenye mfuniko mgumu, ulitundike kwenye boriti. Ukihisi amemeza hata kimoja, usimtapishe, usingoje dalili. Chukua bodaboda na kopo lenyewe mkononi.

Mganga sitakukataza, hilo ni la familia. Matatu tu usiyakubali: kuambiwa aache vidonge, kunyweshwa dawa ya maji maji wakati koo liko hivi, na kukandwa kwa kitu cha moto upande wa kulia. Upande ule mara nyingi hauhisi; ataungua mkiwa mnazungumza.

Mgongo wako unauma kwa sababu kitanda kiko chini na unamvuta kwa mikono. Kitanda kipandishwe kwa matofali imara chini ya miguu yote minne mpaka godoro lifike usawa wa nyonga zako unapofanya kazi, kichwani kikiwa kimebanwa na ukuta, na mto mrefu kila ukingo asianguke. Kunja shuka mara mbili, litandikwe chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Kumgeuza: simama upande anaogeukia, kunja goti lake la mbali, shika shuka na si ngozi, karibisha mwili wako kwake, kunja magoti yako, mvute kuelekea kwako huku ukitoa pumzi. Kumpandisha juu kitandani kunahitaji watu wawili, mmoja kila upande wa shuka.

Na huyo wa pili ni mumeo. Yuko sawa kwamba mkwe hamshiki mkwe wake, na sina nia ya kuivunja heshima hiyo. Lakini anayeshika pindo la shuka, mama akiwa amefunikwa gubigubi, hajamgusa. Vilevile kupandisha kitanda, kuchota maji, kumpeleka mgonjwa kwa bajaji, na zaidi ya yote kumchukua mtoto: mtoto akiamka usiku, awe wa baba. Hiyo peke yake itakupa saa nne za usingizi zisizokatika, kuanzia saa nne hadi saa nane, na saa nne zisizokatika zinakurudishia akili kuliko sita za vipande vipande. Akitoka kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, au akitoka shambani, nguo zivuliwe nje na anawe kabla ya kumpakata mtoto au kuingia kwa mama. Vumbi lile linakera mapafu, na mapafu ya mama tayari yana kazi.

Binti arudi shule. Hili sina sauti mbili. Miezi mitatu ya darasa la sita haitarudi, na la saba liko mbele yake. Tena mtoto wa umri ule hana nguvu ya kugeuza mtu mzima, atamvuta mkono, na kumsafisha bibi sehemu za siri hakumfai yeye wala bibi yake. Kazi yake ya haki ni moja, nayo ni tamu: jioni, baada ya shule, nusu saa na bibi. Wahesabu pamoja moja hadi ishirini. Waimbe. Wimbo mara nyingi unapita njia nyingine ubongoni, na wapo wasioweza kusema "maji" lakini wakianzishiwa wimbo wa ujana wao wanaumalizia. Hayo ni mazoezi ya kweli ya kurudisha maneno. Kurudi kwa nguvu huwa kwa kasi zaidi miezi sita ya mwanzo, lakini hakukomi hapo, kwa hiyo miezi saba si mlango uliofungwa. Uliza kitengo cha fiziotherapia hospitali ya wilaya, au ile ya misheni Ndanda, au ya mkoa, Ligula, kama atapelekwa Mtwara. Hata mara moja tu, ili mfundishwe mazoezi ya kunyoosha vidole, kiwiko na kifundo cha mguu visikakamae.

Usingoje siku ya kliniki ukiona haya: mdomo, mkono au maneno yamebadilika ghafla tena, anapumua haraka, ana homa, au sauti imekuwa ya kukwaruza kama iliyo majini baada ya kula, kidonda kinanuka, kinatoa usaha, kina weusi, au unaona mfupa, hajakojoa nusu siku, mguu mmoja umevimba ghafla na kuuma, au haamki kama kawaida. Hayo ni ya saa ileile.

Limebaki la nani atakusaidia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, kwa sababu korosho huwezi kuziacha na mama huwezi kumwacha. Kumzungusha mama kwa kila mtoto, mwezi huku mwezi kule, kunasikika kama haki, ila mgonjwa mwenye kidonda akisafirishwa hadi Dar kwenye kiti cha basi atafika na kidonda kikubwa zaidi, na dawa hupotea njiani kati ya mikono mingi. Wahame wauguzaji, mgonjwa abaki. Makao ya wazee ya serikali yapo kwa wasio na mtu, yeye anao. Njia ninayoiona kwako ni mama mmoja wa makamo wa hapohapo kijijini, alipwe kwa asubuhi tu, saa kumi na mbili hadi saa sita, msimu wote. Siku tatu za mwanzo afanye pamoja nawe: kugeuza, kulisha, beseni. Mchana na jioni yako. Itakugharimu, lakini linganisha na korosho zitakazooza chini ya mikorosho kwa kukosa mwokotaji, na pia na mwaka wa shule wa binti.

Alipwe na nani? Kaka zako wanatuma "wakijaliwa" kwa sababu hawajaona kazi yenyewe, wameona tu jina lake: kumtunza mama. Chukua daftari la binti lililobakia kurasa, kwa siku saba andika kila ulichofanya na saa yake. *Saa nane usiku, nimemgeuza, mtoto ameamka. Saa kumi na moja, nimefua shuka mbili. Saa moja, uji, dakika thelathini.* Usipambe, usilalamike ndani yake. Chini andika mahitaji kwa majina: msaidizi wa asubuhi kwa miezi mitatu, godoro, mpira, sabuni, nauli ya hospitali, na jina la wa kuja kukaa wiki moja ili upumzike. Kila ndugu achukue kitu kizima, si "mchango". Mtu aliyebeba jina la godoro anajua kama limenunuliwa au halijanunuliwa.

Na asiite kikao mdogo wa mwisho. Huku kwetu kusini, kwenye koo nyingi zinazofuata upande wa mama, mjomba akiita hakuna anayesema yuko bize. Mpigie wa Nachingwea, umsomee daftari kwenye simu kama hawezi kusafiri, yeye ndiye awapigie Dar. Wakati huohuo mumeo aende kwa mtendaji wa kijiji akaulize kitambulisho cha matibabu cha mzee. Mama amevuka 60 na kama hana uwezo anastahili kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayekamilisha. Jua tu kwamba dawa zikikosekana kituoni mtatumwa dukani, hivyo fungu la dawa libaki kwenye orodha ya mjomba.

Hela ya korosho huwa inaingia mara moja kwa mwaka, na ikishaingia kila mtu ana bati lake la kuezeka na deni lake la kulipa. Minada kwa kawaida inaanza Oktoba. Daftari limfikie mjomba kabla ya mnada wa kwanza.